Taa ya boga: Desturi iliyokimbia njaa ikarudi na sura nyingine

Na Mwandishi Maalumu, Mabanda

PICHA hiyo iliingia kwenye simu yangu jioni moja ya mwezi Oktoba, nikiwa nasahihisha madaftari ya darasa la sita. Ilitoka kwa mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anayeishi Marekani na familia yake. Binti yake wa miaka tisa alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba, amepakata boga kubwa la rangi ya chungwa. Boga lile lilikuwa na macho mawili ya pembetatu, pua, na mdomo wenye meno yaliyoachana. Ndani yake uliwaka mshumaa.

Nikampelekea mama simu aone. Mama amepita miaka sabini. Mwaka 1972 alivuka kwenda Tanzania na mimba ya kaka yangu mkubwa, na kwa miaka mingi alilima maboga katika makazi ya Katumba, Mpanda, mpaka tuliporejea nyumbani mwaka 2009. Aliiangalia ile picha kwa muda mrefu, kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: "Nani kalitoboa boga macho?" La pili: "Na nyama yake wameila?"

Sikuwa na jibu. Mama akanirudishia simu, akasema mtoto yule amepotea, maana anachezea chakula na kukiwashia moto kama mchawi. Tangu jioni ile, kila mdogo wangu alipopiga simu, mama alikuwa shambani, au amelala, au hasikii vizuri.

Makala haya yametokana na maswali hayo mawili. Nilianza kusoma na kuuliza ili niwapatanishe watu wawili wa ukoo mmoja. Nilichokikuta ni habari ya desturi iliyohama na watu waliokimbia njaa, ikabadilika ugenini, kisha ikarudi kwao na sura ambayo wazee wake wasingeitambua. Nadhani sisi tuliozaliwa au kusomea uhamishoni tunaijua habari hiyo kuliko wengi.

Ilianza na mzizi, si boga

Wengi wanaoona taa za maboga kwenye filamu hudhani ni mambo ya Marekani tu. Kumbe asili ya taa hizo ni Ayalandi, Skotlandi na baadhi ya sehemu za Uingereza, na huko hapakuwa na maboga. Watu walichonga tanipu, mmea wa jamii ya kabichi wenye mzizi mnene na mgumu unaolingana na ngumi ya mtu mzima au kuizidi.

Usiku wenyewe ni wa tarehe 31 Oktoba, mkesha wa Watakatifu Wote, sikukuu ambayo hata hapa Burundi ni siku ya mapumziko. Kabla ya Ukristo, majira hayo yalikuwa ya sikukuu ya Samhain, ambapo wakulima wa Ayalandi walifunga mavuno na kuingia majira ya baridi na giza. Waliamini kuwa usiku huo mpaka kati ya walio hai na waliokufa huwa mwembamba, na mizimu hupita. Kanisa lilipoweka Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba na Marehemu Wote tarehe 2, imani za zamani hazikufa. Zilibaki chini ya zile mpya, kama ilivyotokea kwetu pia.

Kuchonga tanipu ni kazi ya jasho. Mzizi hauna uwazi ndani. Mchongaji hukata kifuniko juu, kisha anakwangua kwa kijiko cha chuma au kisu kifupi mpaka mkono unauma, na mwisho anatoboa macho na mdomo. Mwanga wake ni mdogo na sura yake hutisha kweli, kwani tanipu ikikauka hukunjamana kama uso wa maiti. Watoto walizibeba barabarani au waliziweka madirishani.

Desturi kama hiyo haijafa kila mahali. Katika kijiji cha Hinton St George, kusini magharibi mwa Uingereza, watoto hutembea na taa za namna hiyo Alhamisi ya mwisho ya Oktoba. Uswisi nako, katika mji wa Richterswil ulio kando ya ziwa la Zurich, tani nyingi za tanipu huchongwa kila Novemba na kuwashwa kwa maandamano ya usiku. Wao hawatoboi nyuso tu. Humenya ganda jembamba kwa michoro ya nyota na maua, mwanga ukapita kwenye nyama nyeupe ya mzizi.

Jack asiye na pa kwenda

Waayalandi wana hadithi ya asili ya taa hiyo. Inamhusu mlevi mmoja bahili, jina lake Jack. Jack alimlaghai Shetani mara kadhaa, akamfunga kwa msalaba, na hakumfungua mpaka alipoahidi kwamba hataichukua roho yake. Siku Jack alipokufa, alifika kwenye lango la mbinguni akakataliwa kwa maovu yake. Akashuka jehanamu, na huko nako Shetani akamkumbusha ahadi: "Nilisema sitakuchukua." Alipolalamika kuwa njia ni giza, Shetani akamtupia kaa la moto. Jack alikuwa anatafuna tanipu. Akaichimba, akaliweka kaa ndani, na tangu hapo anatangatanga duniani na taa yake, hana wa kumpokea huku wala kule.

Wahadithiaji wengine husimulia tofauti kidogo, lakini mwisho ni huo huo. Aidha, jina la "Jack mwenye taa" lilikuwepo Uingereza tangu karne ya 17, likimaanisha mlinzi wa usiku, au ule mwanga wa ajabu unaoonekana juu ya vinamasi.

Niliposoma hadithi hiyo sikumcheka Jack. Kule Mpanda tuliitwa Warundi, hata sisi tuliozaliwa huko. Tulipofika huku tuliitwa Watanzania, kwa sababu Kirundi chetu kilikuwa na lafudhi na tulipokasirika tulitukana kwa Kiswahili. Yeyote aliyewahi kusimama kati ya vizuizi viwili vya mpaka, nyuma hatakiwi na mbele hajulikani, anamfahamu Jack.

Njaa, meli na shamba jipya

Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu uliingia katika mashamba ya viazi ya Ayalandi. Viazi vilikuwa chakula cha karibu kila siku cha maskini, na vilioza ardhini. Njaa iliendelea kwa miaka kadhaa, ikaua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja wakaikimbia nchi. Wengi walipanda meli kwenda Amerika Kaskazini. Mwaka 1847 pekee, katika kisiwa cha Grosse Île nchini Kanada, ambapo abiria waliwekwa karantini, walizikwa zaidi ya watu 5,000.

Waliofika salama walikuta tanipu si nyingi, lakini maboga yamejaa mashambani. Boga ni kubwa kuliko tanipu, lina uwazi ndani, na ganda lake linakubali kisu. Kazi iliyomchukua mtoto wa Ayalandi jioni nzima iliweza kumalizika kwa saa moja, na mwanga ukawa mkubwa mara nyingi.

Hata hivyo, tusiwape Waayalandi sifa isiyo yao. Watoto wa Marekani walikuwa wamekwisha anza kuchonga maboga kabla ya njaa hiyo. Mshairi John Greenleaf Whittier, aliyezaliwa Massachusetts mwaka 1807, aliandika katikati ya karne ya 19 akikumbuka jinsi walivyochonga nyuso za kutisha kwenye maboga utotoni na kuweka mshumaa ndani. Ila boga hilo lilikuwa mchezo wa majira ya mavuno. Wahamiaji walikuja na usiku wao wa tarehe 31 Oktoba, wakakuta boga la wenyeji, na kufikia mwisho wa karne ya 19 vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa aliyepona alikuwa mgeni pia.

Boga nalo ni mgeni kwetu

Kabla msomaji hujasema kuwa wazungu wanaharibu boga letu, kumbuka jambo moja. Boga si la Afrika kwa asili. Mbegu za kale kabisa za boga lililolimwa zilipatikana katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Mexico, na umri wake ni karibu miaka 10,000. Mmea huo ulianza kutoka Amerika kwenda mabara mengine baada ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Ulipofika kwetu tuliupokea, tukala majani yake, ua lake, nyama yake na mbegu zake, mpaka tukasahau kuwa ulikuja.

Kilicho chetu hasa ni kibuyu, kile ambacho bibi zetu walisukia maziwa na kukiita igisabo. Nacho kilisafiri upande wa pili. Mwaka 2014 wanasayansi waliochunguza vinasaba vya vibuyu vya kale vya Amerika waligundua kuwa ni ndugu wa karibu wa vibuyu vya Afrika, wakahitimisha kuwa huenda vilielea kwenye bahari ya Atlantiki maelfu ya miaka iliyopita, mbegu zikiwa salama ndani ya ganda kavu. Leo katika vijiji vya jirani na Huancayo, nchini Peru, mafundi huchonga kwenye vibuyu picha ndogo ndogo za harusi, mavuno na sokoni, na kazi hiyo inawalisha. Nchini Kenya, Wakamba nao wanajulikana kwa kuchora vibuyu.

Nawaambia hili hasa wafanyabiashara wa mpakani. Boga lililochongwa linaoza ndani ya wiki. Kibuyu kilichochongwa kinakaa miaka mingi, hakina uzito na hakioti ukungu kikihifadhiwa pakavu. Anayetafuta bidhaa asitazame boga, atazame kibuyu.

Namna ya kuchonga

Nirudi kwenye boga lenyewe, maana kuna utaalamu ndani yake na si kutoboa ovyo.

Kwanza ni kuchagua, na hapa mama zetu wanaovusha maboga pale Mugina hawahitaji mwalimu. Boga zuri ni gumu ukilibonyeza kwa kidole gumba, halina sehemu iliyolainika, na kikonyo chake ni imara. Ukiligonga kwa kifundo cha kidole linalia kama ngoma. Chini liwe bapa, lisije likabingirika na mshumaa. Wala usilibebe kwa kikonyo. Kikikatika, hapo ndipo uozo unapoingilia.

Pili ni kifuniko. Anayeanza hukata wima, na kifuniko kinadumbukia ndani. Fundi hulaza kisu kuelekea katikati, ili kifuniko kiwe kama kizibo chenye mshazari. Wengine hukata chini badala ya juu, wakaweka mshumaa juu ya kibao na kulifunika boga juu yake.

Tatu ni kutoa mbegu na nyuzi, kisha kukwangua ukuta wa ndani upande utakaochongwa mpaka ubaki unene wa kama sentimita mbili na nusu. Ukuta mnene sana hauruhusu mwanga kupita, na mwembamba sana hulegea na kuanguka siku ya pili.

Nne ni mchoro. Karatasi yenye picha hubandikwa juu ya ganda, na mistari hutobolewa kwa msumari, nukta baada ya nukta. Karatasi ikiondolewa, nukta zinabaki. Hapo hutumika msumeno mwembamba wenye meno madogo, si kisu kikubwa cha jikoni, kwa sababu kisu kikubwa huteleza, na watu wengi hujikata mikono. Huanza sehemu ndogo za katikati, kama macho na pua, na mdomo mkubwa huwa wa mwisho. Ukianza na mdomo, ukuta unakosa nguvu ya kukubeba ukifanya yaliyobaki.

Ipo namna nyingine, kama ile ya Uswisi. Badala ya kutoboa hadi ndani, fundi hukwangua ngozi ya juu tu. Palipokwanguliwa kidogo mwanga hutoka mwekundu na hafifu, palipokwanguliwa sana hutoka wa manjano na mkali. Kwa njia hiyo anaweza kuchora uso wa mtu, kivuli chini ya kidevu na mng'aro wa jicho, kwa kupunguza au kuongeza milimita.

Mwisho, kingo zilizokatwa hupakwa mafuta ya mgando zisikauke. Hata hivyo boga lililofunguliwa halizidi siku chache, na kwenye joto kama la bonde la Malagarasi siku tatu ni nyingi. Huko Marekani wengi siku hizi huweka taa ndogo ya betri, kwa sababu mshumaa hulipika boga kwa ndani na kulifanya lioze haraka.

Kutoka taa hadi sanamu

Katika miaka ya karibuni sanaa hii imepanda daraja. Mmoja wa waliosababisha hayo ni Ray Villafane, ambaye alikuwa mwalimu wa sanaa katika shule za mji mdogo wa Bellaire, jimbo la Michigan. Alianza kuchonga maboga kwa ajili ya wanafunzi wake. Yeye halitobolei boga macho. Halichimbi ndani wala haweki mshumaa. Anachagua boga zito kuliko ukubwa wake, yaani lenye nyama nene, analimenya ngozi upande mmoja na kuichonga nyama yenyewe kama mfinyanzi anavyochonga udongo, kwa kutumia vyombo vyenye kitanzi cha waya. Huanza na pua, kwa kuwa ndiyo iliyo juu zaidi usoni, kisha anashuka kwenye mashavu na mikunjo ya paji la uso. Mwaka 2011, katika bustani ya mimea ya New York, alichonga boga lililokuwa na uzito wa karibu kilo 825, lililolimwa Quebec.

Maboga makubwa namna hiyo ni mbegu ya pekee, na wakulima hushindana. Mwaka 2023 lilipimwa boga la kilo 1,247 huko California, uzito wa gari dogo. Upande wa wingi, mji wa Keene katika jimbo la New Hampshire, wenye wakazi wasiofika 25,000, uliwasha taa za maboga 30,581 kwa mkupuo mmoja mwaka 2013. Na kule Croton-on-Hudson, karibu na New York, maelfu ya maboga yaliyochongwa hupangwa kila mwaka tangu 2005 yakawa wanyama, meli na minara. Mengi ya hayo lakini si maboga tena. Ni ya povu la plastiki, yasiyooza wala kuliwa.

Na nyama yake?

Hapo ndipo nilipolirudia swali la pili la mama, nikampigia mdogo wangu.

"Shikamoo kaka," alisema.

"Marahaba. Mama anauliza, nyama ya lile boga mliifanya nini?"

Alinyamaza kidogo, kisha akacheka kwa aibu. "Tuliitupa, kaka. Haina utamu, maji matupu. Mbegu ndizo tulikaanga."

Hakudanganya. Maboga mengi ya kuchonga yanayouzwa Marekani yalizalishwa kwa ajili ya umbo, rangi na kikonyo kizuri, si kwa ladha. Boga wanalokula, ambalo kwa sehemu kubwa hulimwa jimbo la Illinois na kutiwa kwenye makopo, ni la aina nyingine. Hata hivyo la kuchonga nalo linalika kama nyama itatolewa mapema, likiwa safi. Likishakaa nje siku kadhaa na moshi wa mshumaa halifai tena kwa mtu. Baadhi ya watu hupeleka kwa wafugaji, lakini mengi huishia jalalani. Huko kwao wenyewe wapo wanaolalamikia upotevu huo, na katika hili mama ana haki. Mtu aliyewahi kupanga foleni ya mgao hawezi kulitazama boga likitupwa akacheka.

Nikamuuliza basi: kwa nini mnachonga? Mnaiga tu?

Alichonijibu sikukitarajia. Baba mdogo mwaka 1972 hakukimbilia Tanzania kama sisi. Alivuka ziwa kwenda Zaire. Vita vya mwaka 1996 vikamsukuma tena na familia yake hadi kambi ya Mtabila, Kasulu. Marekani ilipokubali kupokea familia za wakimbizi wa 1972 waliokuwa makambini Tanzania, nao wakachukuliwa. Walifika mwaka 2008, kipindi cha baridi kikikaribia.

"Oktoba ile ya kwanza," alisema, "usiku tukasikia mlango unagongwa. Nikachungulia nikaona watu wamefunika nyuso. Kaka, nilizima taa zote, nikawalaza watoto sakafuni, nikawaziba midomo. Waliendelea kugonga nyumba hata nyumba, wanacheka. Sisi tulikaa pale chini hadi saa sita. Unakumbuka Uvira walikuja vilevile, wanagonga, wamefunika nyuso."

Walikuwa watoto wa mtaa wanaoomba peremende.

Mwaka uliofuata bibi kizee jirani yao, aliyesikia habari hiyo shuleni kwa watoto, alikuja mchana na boga moja na msumeno mdogo. Akakaa na kifungua mimba wa mdogo wangu kwenye ngazi, akamwonyesha namna ya kuchonga. Akamweleza pia kanuni ya usiku ule: nyumba yenye boga linalowaka mlangoni imesema kwamba wageni wanakaribishwa. Isiyo na taa haigongwi. "Ukitaka wapite, usiwashe," alimwambia. "Ukiwasha, ni wewe umewaita."

"Mwaka ule sikuwasha," mdogo wangu aliniambia. "Wa tatu nikawasha. Tangu hapo nawasha kila mwaka."

Mwalimu wa Fintown

Kuna jambo la mwisho nililolikuta, na kama mwalimu limenikaa moyoni. Mwaka 1943 mwalimu wa shule katika kijiji cha Fintown, wilaya ya Donegal huko Ayalandi, alipeleka taa ya tanipu kwenye Jumba la Makumbusho la Taifa. Sababu aliyoitoa ni kwamba hakuna aliyekuwa akizitengeneza tena kijijini, ingawa wazee walizikumbuka. Ilikuwa ya mtindo wa miaka ya mwanzo ya 1900. Mzizi ulikuwa unakaribia kusambaratika, wahifadhi wakautengenezea nakala ya plasta. Nakala hiyo ipo hadi leo: uso mdogo uliokunjamana, meno machache, macho yenye huzuni.

Katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, usiku wa Oktoba ulirudi Ayalandi kwa nguvu kupitia filamu na biashara za Marekani, ukiwa na boga badala ya tanipu. Leo mtoto wa Donegal anachonga boga, na wengi hushangaa wakiambiwa kwamba babu zao walichonga mzizi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, ndivyo tulivyofundishwa kule Katumba. Ni kweli, lakini methali haisemi kwamba anayerejea atakuwa yule yule, wala kwamba ngama atailikuta kama alivyoiacha. Tuliorejea tunaulizwa kila siku kama sisi ni Warundi kweli. Hata taa ya Waayalandi isingefaulu mtihani huo.

Tofauti ni kwamba wao wana ile nakala ya plasta. Mtu mmoja, mwalimu wa kijijini, aliona kitu kinakwisha akakipeleka mahali pa kutunzwa. Sisi je? Darasani kwangu nina wanafunzi 61. Nilipowauliza nani ameona igisabo ikisukwa nyumbani kwao, mikono iliyoinuka ni minne. Nimemwomba mama aje shuleni muhula ujao na chake. Amekubali, kwa sharti kwamba maziwa yatafutwe kwanza, hatakuja kusuka upepo.

Boga la Mabanda

Tarehe 31 Oktoba iliyofuata nilinunua boga sokoni Mabanda, la kijani lenye mabaka, lililovushwa kutoka upande wa Manyovu. Si boga la kuchonga. Ganda lake ni gumu na nyama yake nene, na nilitumia msumeno wa fundi seremala jirani yangu. Nyama yote niliitoa kwanza nikaipeleka jikoni. Mbegu mama alizigawa mara mbili, za kukaanga na za kupanda. Nilichochonga ni macho mawili na mdomo, na mdomo ulienda upande.

Jioni nikaliweka mlangoni. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, kwa hiyo lilionekana mbali. Tukala boga na maharage. Ndipo nikamsimulia mama habari ya wale watoto waliolazwa sakafuni, na ya bibi kizee na msumeno wake. Mama anajua mlango unaogongwa usiku unasikikaje. Mwaka 1972 aliusikia.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Kwa hiyo taa ikiwaka, anayegonga hagongi kwa ubaya?"

"Hagongi kwa ubaya, mama. Wewe mwenyewe umemwita."

Alilitazama lile boga kwa muda. Akaomba simu. Binti wa mdogo wangu ndiye aliyepokea, kwa Kirundi cha kuungaunga na Kiswahili cha kambini alichorithi kwa baba yake. Waliongea kwa muda, wakicheka mahali ambapo maneno yalikwama. Kabla ya kukata, mama alimpa agizo moja tu.

"Taa washeni," alisema. "Lakini nyama mle kwanza."